Kalavati Lisilo na Mwenyewe: Baraza, Wakala na Mkuu wa Wilaya Katika Kisa Kimoja cha Ugatuaji

## Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kinatoka katika halmashauri moja ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Majina ya mkoa, wilaya, kata, kijiji na watu wote yameondolewa, na tarehe zimeachwa katika kiwango cha mwezi au msimu ili wahusika wasitambulike. Sheria, taasisi na mabadiliko ya kitaifa yametajwa kwa majina yake, kwa sababu bila hayo kisa hakieleweki.

Tukio lenyewe ni dogo. Mvua zilibeba kalavati moja, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, katika barabara ya kijiji. Ilichukua miezi ishirini kulijenga upya, na sehemu kubwa ya muda huo haikupotea kwa kukosa fedha. Ilipotea kwa kutafuta ni nani mwenye mamlaka ya kuamua. Ndiyo maana kisa hiki kinawafaa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, na wakuu wa idara kuliko kingewafaa wahandisi.

## Mandharinyuma

Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kauli hiyo ni fupi na nzito, lakini nchi imebadili mawazo juu ya jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuwatoa wataalamu makao makuu na kuwasogeza mikoani na wilayani. Wataalamu walisogea kweli, ila uamuzi ukaondoka kwa waliochaguliwa ukaenda kwa walioteuliwa. Huduma za miji zilizorota hadi ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zikafuata, na mamlaka za wilaya zikaanza kazi upya mwaka 1984. Mwaka 1998 ikatolewa sera ya maboresho iliyotaka serikali kuu ibaki na kutunga sera, kuweka viwango na kusimamia, na halmashauri ziachiwe kutoa huduma.

Mizani hiyo haijawahi kutulia. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, lakini ndiye katibu wa baraza la madiwani na ndiye afisa masuuli, yaani anayebeba dhamana ya kila shilingi. Mkuu wa wilaya naye ni mteule wa Rais na mwakilishi wa serikali kuu wilayani. Mishahara ya watumishi hutoka Hazina. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, kodi ya kichwa iliyowatesa watu maskini na kuwafanya wengine walale porini wakikimbia mgambo. Ilistahili kufutwa. Lakini halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya fidia badala yake, na tangu hapo sehemu ya bajeti yao ikawa inategemea uamuzi unaofanywa mbali nao.

Mwaka unaotuhusu hasa ni 2017. Mwezi mmoja, Julai, ulileta mabadiliko mawili. La kwanza ni Sheria ya Fedha ya mwaka huo, iliyopunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Sheria hiyohiyo ilisamehe ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima alipata nafuu aliyoistahili. Halmashauri inayoishi kwa ushuru wa viazi mviringo, kama hii tunayoizungumzia, ilipoteza zaidi ya nusu ya kiwango chake cha ushuru usiku mmoja.

La pili ni kuanza kazi kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioundwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali. Barabara za wilaya, ambazo Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imeziweka mikononi mwa halmashauri, zikahamia kwa wakala. Mhandisi wa wilaya alihama, mafundi sanifu wakahama, na majalada ya barabara yakabebwa kutoka kabati moja kwenda jengo jingine mita chache tu kutoka lilipokuwa. Fungu la Mfuko wa Barabara, asilimia 30 iliyokuwa ikienda kwenye barabara za Serikali za Mitaa, likafuata njia hiyohiyo.

Mwaka uliofuata, 2018, sheria ikalazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Juu ya hilo kulikuwa na maelekezo ya kutenga sehemu kubwa ya mapato hayohayo kwa miradi ya maendeleo. Kila jambo kati ya haya lina utetezi mzuri likiangaliwa peke yake. Yakiwekwa pamoja, baraza lilibaki na mapato yaliyopungua, maelekezo yaliyoongezeka ya namna ya kuyatumia, na idara moja muhimu isiyokuwepo tena.

## Mfululizo wa matukio

Machi 2018, viazi vikiwa vimeanza kuchimbwa, mvua kubwa ilipasua barabara inayounganisha kijiji na barabara kuu. Kalavati lililokuwapo lilikuwa na mstari mmoja wa mabomba membamba ya zege, lililazwa miaka kadhaa nyuma bila kuta za mawe pande zote mbili. Maji yaliposhindwa kupita ndani yalipita pembeni, yakala kifusi hadi bomba la mwisho likaning'inia. Fuso zilizokuwa zikiingia hadi shambani zikaishia ng'ambo. Wakulima wakaanza kuvusha magunia kwa kichwa, na madalali, wakijua mzigo hauna pa kwenda, wakashusha bei. Kina mama wajawazito waliokuwa wakienda zahanati ng'ambo ya pili walivushwa kwa kushikwa mkono.

Mwenyekiti wa kijiji alimwandikia mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kijiji akampelekea wa kata, na barua ikafika kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akaituma kwa meneja wa wakala wa wilaya. Jibu lilirudi haraka na lilikuwa la kitaalamu: barabara hiyo imesajiliwa hadi shule ya msingi tu. Kipande cha kuanzia shuleni hadi mtoni, pamoja na kalavati, hakimo kwenye mtandao wa barabara unaohudumiwa, na fedha za Mfuko wa Barabara haziwezi kutumika kwenye barabara isiyosajiliwa. Isitoshe, mpango wa mwaka ulikwisha kupitishwa.

Hapo ndipo jambo lililofichika kwa miaka mingi lilipojitokeza. Kipande kile hakijawahi kuwa na mwenyewe kwenye karatasi. Zamani kilitengenezwa kwa sababu diwani alimwendea mhandisi ofisini, mhandisi akapata kibali cha mkurugenzi, na mapato ya ndani yakalipia mabomba machache na siku mbili za greda. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Mhandisi alipohama, haukuwepo tena, na hakuna aliyejua ulikuwepo hadi ulipohitajika.

Mwezi Mei baraza lilikutana kwa taarifa za robo ya tatu. Meneja wa wakala hakuhudhuria; wakati huo haikuwa wazi kama analazimika, maana haripoti kwa baraza bali kwa mtendaji mkuu wake. Alimtuma fundi sanifu na taarifa ya maandishi. Diwani wa kata husika alisimama akasema, Mheshimiwa Mwenyekiti, wananchi wananiuliza mimi habari za kalavati, nami nimuulize nani humu ndani? Swali halikujibiwa. Baraza likapitisha azimio kwamba mkurugenzi atumie mapato ya ndani kulijenga. Mkurugenzi, akiwa katibu wa kikao hichohicho, akaeleza kwamba hana kasma, yaani fungu lililoidhinishwa, ya barabara katika bajeti, kwamba jukumu hilo si la halmashauri tena, na kwamba akilipa atajibu hoja ya mkaguzi. Madiwani wakakataa kupokea taarifa ya utekelezaji ya robo ile, kikao kikavunjika jioni.

Juni mkuu wa wilaya alifika kijijini, akasikiliza malalamiko kwenye mkutano wa hadhara, na akatoa agizo: ndani ya siku saba pawe panapitika. Watu walipiga makofi. Agizo lilitolewa kwa wote waliokuwepo, lakini meneja na mkurugenzi walirudi mjini na sababu zao za kisheria zikiwa palepale. Aliyebaki nalo mkononi ni mtendaji wa kijiji.

Mtendaji akaitisha mkutano mkuu wa kijiji. Ulikuwa wakati ambapo watendaji wengi waliogopa hata neno mchango, kwa sababu Januari mwaka huohuo Rais alikuwa amepiga marufuku michango shuleni, na vijijini marufuku hiyo ilisikika kama inahusu kila mchango. Mkutano ukaamua iwe nguvukazi tu: msaragambo wa siku kadhaa, magogo kutoka shamba la miti la kijiji, mawe kutoka mtoni. Fundi sanifu wa wakala alikuja mwishoni mwa wiki, nje ya saa za kazi, akawaonyesha namna ya kukaza magogo na kugeuza maji. Mkurugenzi alitoa lori la halmashauri kubeba mawe, mafuta yakalipwa kutoka matumizi ya kawaida ya ofisi.

Kivuko cha magogo kilipitisha bodaboda na kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Fuso hazikuweza.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa mkurugenzi kutolipa ndio uliolaumiwa kuliko yote, na ndio wenye sababu nzito kuliko yote. Afisa masuuli anayelipa nje ya kasma, kwa jukumu lililohamishiwa chombo kingine, hajibu mbele ya madiwani peke yao. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huenda Bungeni, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa humwita, na aliyemteua anaweza kumtengua bila kulishauri baraza. Azimio la madiwani lilikuwa na uzito wa kisiasa, lakini halikuwa na uwezo wa kumlinda. Mtu yeyote aliyekalia kiti kile angepima vivyo hivyo.

Uamuzi wa meneja nao ulikuwa sahihi kwa kanuni zake. Ingekuwa rahisi kumchora kama mrasimu asiyejali, na si kweli: ndiye aliyeruhusu fundi wake aende kijijini, akijua kwamba lolote likitokea kwenye kivuko kile jina la ofisi yake lingetajwa. Alichokosa ni njia halali ya kutumia alichokuwa nacho.

Mkuu wa wilaya alitoa agizo kwa sababu wananchi walimtazama yeye. Alikuwa na sauti kubwa kuliko wote wilayani na hakuwa na bajeti ya barabara hata ya kununua bomba moja. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa usimamizi na uwakilishi wa serikali, na hata uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48 kwa masharti maalumu, lakini haimpi fedha za mradi. Agizo lisilo na fedha halipotei. Linashuka ngazi hadi limpate asiye na wa kumtupia.

Uamuzi uliobadili mwelekeo ulifanywa na watu wawili ambao hawakuonekana kwenye mkutano wowote wa hadhara: mweka hazina na afisa mipango. Agosti 2018 mkusanya ushuru wa geti alileta taarifa iliyowashangaza. Viazi vilikuwa vikitoka kijijini kwa wingi karibu uleule, lakini ushuru kutoka upande ule ulikuwa umeporomoka. Mashine ya POS, ile ya kielektroniki ya kukatia risiti za ushuru, haikuwa na hitilafu na mkusanyaji hakuwa mwizi. Fuso hazipiti, kwa hiyo mzigo ulikuwa ukitoka kwa kirikuu. Kirikuu moja haifiki tani moja, na chini ya tani moja kwenda wilaya jirani hakuna ushuru. Kalavati lililovunjika lilikuwa limegeuza mzigo wote wa kijiji kuwa mizigo midogo iliyosamehewa kisheria, na halmashauri ambayo ilisema haina fedha za kalavati ilikuwa ikizikosa fedha hizo kwa sababu ya kalavati.

Wawili hao waliandika andiko fupi lenye takwimu za geti za kabla na baada ya Machi, wakaambatanisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji na makadirio ya fundi sanifu. Mkurugenzi akalipeleka kwa katibu tawala wa mkoa akiomba mwongozo wa mambo mawili: kusajili kile kipande, na kuiruhusu halmashauri ichangie kwa makubaliano ya maandishi na wakala. Andiko hilohilo likaingia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, kikao kinachoongozwa na mkuu wa mkoa ambamo wabunge na wenyeviti wa halmashauri nao huingia.

## Matokeo

Bodi ilikubali usajili wa kipande kile upendekezwe, na wakala ukaingiza kalavati kwenye mpango wa mwaka wa fedha 2019/20. Halmashauri iliweka kasma kwa ajili ya mchango wake, ikapitishwa na madiwani kwenye bajeti, na makubaliano yakasainiwa: halmashauri ilete mawe, mchanga na kokoto, wakala utoe saruji, mabomba na usimamizi. Kiangazi cha 2019 ujenzi ukaanza. Novemba, kabla ya mvua, kalavati lilikuwa limekamilika: mistari miwili ya mabomba mapana, kuta za mawe kila upande, na sakafu ya mawe chini ili maji yasichimbe. Fuso zilirudi msimu uliofuata na ushuru ukarudi pamoja nazo.

Si yote yaliyoisha vizuri. Mkaguzi aliibua hoja juu ya mafuta ya lori lililobeba mawe mwaka 2018, kwamba yalitumika kwa shughuli isiyo ya halmashauri. Ilijibiwa kwa muhtasari wa kijiji na picha, na ikafungwa, lakini baada ya barua kadhaa na mashaka ya muda mrefu. Mtendaji wa kijiji, aliyefanya kazi kubwa kuliko yeyote, alihamishwa mapema 2019 kwa sababu zilizoelezwa kuwa za kawaida. Wanakijiji hawakuamini hivyo. Na misimu miwili ya viazi iliuzwa kwa bei ya dalali. Hasara hiyo haimo kwenye taarifa yoyote ya robo mwaka.

## Uchambuzi

Mtu anayesoma kisa hiki haraka atasema dawa ni kurudisha barabara kwa halmashauri. Mimi sikubaliani, angalau si kwa urahisi huo. Kalavati lililovunjika lilijengwa na halmashauri, katika enzi ambayo madiwani walikuwa na mhandisi wao, na lilijengwa vibaya. Fedha za barabara zamani ziligawanywa kata kwa kata ili kila diwani aonyeshe kitu kwa wapiga kura wake. Greda lilipita hapa nusu kilomita, pale nusu kilomita, na mvua moja ikafuta vyote. Mabomba membamba yasiyo na kuta yalikuwa matokeo ya fedha ya kalavati moja kugawanywa kwa makalavati matatu. Kalavati la 2019 ni bora kwa kila kipimo, na ubora huo umetokana na chombo chenye wahandisi wanaoweza kukataa shinikizo.

Tatizo liko kwingine. Kazi ilipohama Julai 2017, wataalamu, fedha na majalada vilihama nayo. Kitu kimoja hakikuhama, na hakingeweza kuhama: mahali ambapo mwananchi huuliza. Mwananchi aliendelea kumwendea diwani, na diwani aliendelea kusimama barazani, lakini kiti cha mwenye jibu kilikuwa kitupu. Uwajibikaji wa wakala ulipanda juu hadi wizarani, na uwajibikaji wa diwani ukabaki chini kwa wapiga kura, bila sehemu ambapo njia hizo mbili zinakutana. Ni kosa lilelile la 1972 kwa kipimo kidogo: sababu ya kitaalamu iliyo nzuri, na maamuzi yaliyoondoka kwa waliochaguliwa bila kuwekewa daraja la kurudi.

Ukiangalia nani alikuwa na nini, picha inajieleza. Baraza lilikuwa na haki ya kusema. Mkurugenzi alikuwa na saini. Wakala ulikuwa na utaalamu na fedha. Mkuu wa wilaya alikuwa na amri. Kijiji kilikuwa na mikono. Kila kimoja kilikuwa cha lazima na hakuna kilichotosha, na kwa miezi mitano hapakuwa na kikao hata kimoja kilichowakalisha wote mezani wakiwa na uwezo wa kuamua. Bodi ya Barabara ya Mkoa ndiyo ilikuwa karibu zaidi na meza hiyo, na mwenyekiti wa halmashauri anaingia humo. Hakuna aliyeikumbuka mwezi Mei. Madiwani walitumia silaha waliyoizoea, kukataa taarifa, ambayo ilimuumiza mkurugenzi wao na haikumgusa mtu mwingine yeyote.

Mkurugenzi alikuwa sahihi kukataa kulipa, lakini kukataa hakukutosha kuwa kazi yake yote. Barua ya kuomba mwongozo aliyoiandika baada ya Agosti ingeweza kuandikwa wiki ya kwanza ya Aprili. Haikuhitaji takwimu za geti ili kuuliza kama kipande kinaweza kusajiliwa na kama halmashauri inaweza kuchangia kwa makubaliano. Kusubiri kwake kunaeleweka: mtu anayewajibika juu kuliko chini huogopa kuuliza maswali yanayoonyesha kwamba mpango wa juu una tundu. Hiyo ndiyo gharama ya uteuzi kutoka juu ambayo haiandikwi kwenye muundo wa taasisi yoyote.

Kilichofanya kazi ni ule ushahidi wa mapato, na inanisikitisha kukiri kwamba ulifanya kazi pale ambapo mama mjamzito anayevushwa mtoni hakutosha. Lakini kwa diwani au mtendaji anayetaka matokeo, somo la kiutendaji ni kwamba malalamiko yanapokelewa, na hesabu zinajibiwa. Hesabu zile zilipatikana kwa sababu mkusanya ushuru alitaka kujua kwa nini mapato yameshuka badala ya kuadhibiwa kwa kuyashusha. Katika halmashauri nyingi, mtu wa geti ambaye makusanyo yake yameporomoka hubadilishwa kabla hajaulizwa.

Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji nao ulifanya kazi zaidi ya ilivyotarajiwa. Mtendaji aliuandika vizuri: waliohudhuria, azimio, aina ya nguvukazi, tarehe. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyofunga hoja ya ukaguzi, na ndiyo iliyoonyesha Bodi kwamba barabara ina watumiaji. Watendaji wanaosoma kisa hiki wasiidharau kazi ya kuandika mihtasari, hata kama hakuna anayeisoma mwaka huo.

Usajili wa barabara unahitaji kusemwa peke yake. Mtandao unaohudumiwa na TARURA umekua kutoka takriban kilomita 109,000 za mwanzo hadi zaidi ya kilomita 144,000. Ongezeko hilo lina maana kwamba kulikuwa na maelfu ya kilomita za barabara zilizotumika kila siku huku kwenye karatasi hazipo. Mwaka 2021 tozo ya shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliongezwa kwa ajili ya barabara za vijijini, na wakala ukapata fedha nyingi zaidi. Fedha hizo zinafuata orodha. Kwa hiyo katika mfumo uliopo, kuingiza barabara kwenye orodha ni uamuzi mkubwa wa madaraka kuliko kupigia kelele bajeti, na ni jambo ambalo kijiji, kata na baraza vinaweza kulianzisha bila kusubiri ruhusa ya yeyote.

Katika halmashauri hii mambo kadhaa yalibadilika baada ya kisa. Meneja wa wakala sasa huhudhuria vikao vya robo mwaka yeye mwenyewe, na kila Januari, kabla bajeti haijapitishwa, huleta rasimu ya vipaumbele vya barabara vijadiliwe na kamati ya uchumi, ujenzi na mazingira. Madiwani wamejifunza kuzibishania kwa kuuliza mzigo unaopita, wanafunzi wanaovuka, na mapato yanayotegemea barabara husika. Ni hatua ya kweli. Lakini inategemea hiari na uhusiano mzuri wa watu waliopo. Baraza linaweza kuijadili rasimu ile na kuishauri; haliwezi kuikataa, na maoni yake hayana nguvu inayomlazimisha meneja ajibu kwa maandishi kwa nini hakuyafuata. Akihamishwa meneja huyu kesho, mwenzake anaweza kurudi kwenye utaratibu wa kutuma fundi sanifu na karatasi.

Kinachohitajika ni kanuni moja: kwamba mpango wa barabara za wilaya usipokelewe mkoani bila muhtasari wa baraza la madiwani ulioambatanishwa nao, ukionyesha walichokubali, walichokataa, na majibu ya wakala kwa kila walichokataa. Wakala ubaki na utaalamu na fedha zake. Diwani apate jibu lenye saini la kumpelekea aliyemuuliza. Pendekezo hilo limekwisha kuandikwa na halmashauri hii kupitia ofisi ya mkoa. Kata ileile ina vipande vingine vya barabara visivyosajiliwa, kimoja kikiwa na daraja la magogo ambalo maji ya masika iliyopita yalipita juu yake, na ombi la kuvisajili liko kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Bodi.